Tangi la matumbawe la lita 750 katika joto la Mombasa

Anayetaka tangi kubwa la matumbawe nyumbani hapa Mombasa huanza kwa kuniuliza bei ya samaki. Mimi humuuliza kwanza: hicho chumba kinafika joto gani saa tisa alasiri mwezi wa Machi? Na stima ikipotea usiku, ni nini kitakachoendelea kuyasukuma maji? Mimi ni fundi wa friji na AC, matangi nayapenda kwa moyo wangu wote, na naamini kabisa kwamba huku kwetu tangi la bahari hujengwa kuanzia kwenye joto na umeme. Chumvi, mawe, taa na samaki hufuata.

Tumbawe ni mnyama, na ndani ya nyama yake mna mwani mdogo usioonekana kwa macho. Mwani huo hutumia mwanga kutengeneza chakula, na sehemu kubwa ya chakula hicho humlisha mwenyeji wake. Maji yakizidi joto ambalo tumbawe limelizoea, hata kwa digrii moja au mbili, yakakaa hivyo kwa wiki kadhaa, tumbawe huufukuza mwani wake, likabaki jeupe, na lisipoupata tena hufa njaa. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1998, El Niño ilipoipasha Bahari ya Hindi na miamba ya Kenya na Tanzania ikapauka, sehemu kubwa ikafa. Bahari nzima ilichukua muda kupata joto hilo. Tangi la sebuleni, madirisha yakifungwa, hulipata kwa alasiri moja.

Mahali pa kuliweka

Nazungumzia tangi la urefu wa sentimita 180, upana 70 na kimo 60. Hesabu yake ni lita 756. Chini yake, ndani ya stendi, kuna tangi la kuchujia la lita 200 ambalo halijazwi mpaka juu. Ukitoa nafasi ya mawe na mchanga, maji yanayozunguka ni kama lita 800. Kioo cha milimita 15 pekee kina uzito wa kilo 160 hivi. Ongeza maji, mawe na mchanga, umeshapita tani moja. Liweke chini, juu ya sakafu ya zege iliyolala ardhini. Kwenye fleti mwite mhandisi aitazame slabu kabla hujalipa fundi wa vioo. Nyumba za Mji wa Kale zenye dari za boriti za mikoko, orofa ya juu haifai kwa vyovyote vile.

Stendi ya chuma kisichopakwa vizuri huliwa na chumvi kutoka ndani, na hutaona mpaka miguu ianze kumomonyoka. Mvule ni mzuri, aluminiamu ni nzuri zaidi. Tumia pimamaji kwa urefu na kwa upana, tandika sponji ngumu ya milimita 10 chini ya kioo, na ukae mbali na dirisha linalopigwa na jua la jioni.

Kabla ya kununua hata kilo moja ya chumvi, lijaze maji ya kawaida, washa pampu ya kurudishia maji, kisha zima swichi na usimame palepale ukitazama. Maji ya tangi la juu yatateremka mpaka mdomo wa bomba la kurudishia uanze kuvuta hewa. Mdomo huo ukiwa sentimita 2 chini ya uso wa maji, lita 25 zitashuka. Ukiwa sentimita 10, ni lita 126, na zitakazozidi nafasi ya tangi la chini zitakuwa sakafuni. Yakitulia, chora alama kwa wino kwenye tangi la chini: hapo ndipo maji hufika stima ikikatika. Washa tena, chora alama ya pili ya maji yanapozunguka. Maisha yote ya tangi hilo, usijaze kupita alama ya pili. Bomba la kushushia maji nalo liwe na mwenzake wa dharura, maana konokono mmoja akiziba tundu pekee, pampu itaendelea kupandisha maji mpaka yamwagike.

Joto

Lenga digrii 25 hadi 27, na la maana zaidi ni kwamba joto la saa tisa alasiri lisipishane na la alfajiri kwa zaidi ya digrii moja. Hita huku Pwani haina kazi kubwa. Msomaji wa Nairobi ndiye atakayeihitaji, tena mbili ndogo badala ya moja kubwa, ili moja ikigandia kwenye kuwaka isichemshe samaki.

Njia ya bei nafuu ni feni zinazopuliza juu ya uso wa maji. Maji yanayogeuka mvuke huondoka na joto: lita moja na robo ikiyeyuka, lita 750 zimepoa kwa digrii moja. Kwa hesabu hiyo, lita 5 kwa siku ni digrii 4 zilizozuiwa. Tatizo ni unyevu wa hewa yetu. Wakati wa kaskazi hewa imeshalowa, mvuke hauna pa kwenda, na feni huchoka siku zile unapozihitaji kuliko zote. Kwa hiyo kwa ukubwa huu napendekeza chila, yaani mashine ya kupoza maji, ya nusu ya nguvu ya farasi, na feni ziwe akiba yake.

Hapa naomba unisikilize kama fundi. Chila haiondoi joto duniani, inalihamisha. Ukiifungia ndani ya stendi itavuta hewa yake yenyewe ya moto, kompresa haitapumzika na bili itakuumiza. Itoe nje, kwenye baraza au ukutani chini ya kivuli, upitishe mabomba ukutani na uyavishe sponji kama mabomba ya AC. Iwekee kifaa cha kulinda friji, kile kinachochelewesha umeme kwa dakika chache stima ikirudi, kwa sababu kompresa inayowashwa ikiwa bado na shinikizo huungua. Safisha mapezi yake kwa brashi kila mwezi. Vumbi letu lina chumvi na hushika.

Stima

Stima ikikatika, kitu cha kwanza kuisha ni oksijeni, muda mrefu kabla ya maji kupata joto. Maji ya moto hubeba oksijeni kidogo kuliko ya baridi, hivyo tangi likiwa na joto samaki wana dakika chache zaidi. Usijaribu kubeba mtambo mzima kwa inverta. Beba pampu moja ya mawimbi ya wati 20, ielekeze juu ili uso wa maji utikisike. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100, ukitumia nusu yake tu ili isiharibike, itaiendesha kama mchana kutwa na usiku kucha. Hiyo ni betri moja na gharama ya kawaida. Taa, skima (chujio la mapovu) na chila zisubiri.

Soketi zote ziwe juu ya kiwango cha maji na waya ushuke chini kidogo kabla ya kupanda kwenye soketi, ili tone linalofuata waya lidondoke sakafuni. Na mwambie fundi umeme aweke swichi inayokata umeme ukivuja, ya miliampea 30. Maji ya chumvi na mkono uliolowa havina msamaha.

Maji, bahari ikiwa hatua chache

Kishawishi chetu watu wa Pwani ni kwenda ufukweni na madumu. Maji ya bahari yanafaa, tena ni bora, ila si ya kila mahali wala ya kila siku. Usichote Kilindini wala Tudor. Huko kuna mafuta ya meli na maji machafu ya mji. Usichote ufukweni penye mwani unaooza. Nenda na boti nje ya mwamba, maji yakiwa yamejaa kabisa, siku za bamvu, na mvua iwe imekatika kwa muda. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, acha kabisa: mito huleta udongo, na aliyeona bahari ya Malindi ikiwa nyekundu kwa tope la Sabaki hahitaji maelezo. Yachuje kwa kichujio cha maikroni 5, yaweke gizani kwenye pipa la plastiki la chakula, yatie hewa, na upime chumvi kabla ya kutumia.

Njia ya pili ni kuchanganya mwenyewe, na ndiyo ninayoitegemea kwa sababu inafanana mwezi hadi mwezi. Maji ya bomba na ya visima hapa yana chumvi na madini mengi, hivyo lazima yapite kwenye mtambo wa RO, unaosukuma maji kupitia utando laini sana, wenye hatua ya mwisho ya kuondoa madini, mpaka mita ya TDS, inayopima vitu vilivyoyeyuka majini, isome sifuri. Chumvi ni gramu 36 hadi 38 kwa lita. Kwa lita 800 ni kama kilo 30. Tia chumvi kwenye maji, usimwage maji juu ya chumvi, maana kalsiamu hugandamana na kuwa unga mweupe usioyeyuka tena. Pampu ikoroge mpaka maji yawe angavu, kisha refraktomita, kipimo cha chumvi, isome 35 kwa elfu. Yanayogeuka mvuke ni maji matupu, chumvi hubaki; kwa hiyo kinachorudishwa kila siku ni maji ya RO bila chumvi, na kwa tangi la feni kifaa cha kujaza chenyewe ni cha lazima.

Skima ni silinda inayovuruga maji na mapovu madogo sana. Uchafu wa protini hushika povu, hupanda na kumwagika kikombeni ukiwa kama chai nyeusi yenye harufu kali. Kumbuka inavuta hewa ya chumbani. Ukipuliza dawa ya mbu sebuleni, skima itaichukua na kuichanganya na maji, na kamba na kaa ndio wa kwanza kufa. Pitisha mpira wake wa hewa nje ya dirisha, weka neti, na hiyo dawa isiingie chumba hicho.

Mawe na bakteria

Kisiwa chetu kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe ya kale, uleule ambao Fort Jesus imesimama juu yake, na mawe yake huchimbwa nchi kavu kwa ajili ya ujenzi. Jiwe hilo la machimbo, jepesi lenye vitundu, hufaa kuwa msingi wa tangi. Kilo 60 zinatosha. Chagua jeupe, kataa lenye wekundu wa udongo au lililobomolewa ukutani na saruji yake. Lisugue, liloweke pipani kwa wiki kadhaa ukibadilisha maji, na upime fosfeti (chakula cha mwani) ya maji yale. Ikipanda endelea kuloweka. Kwenda kung'oa jiwe hai mwambani sikubali. Hifadhi za bahari za Mombasa, Watamu, Malindi na Kisite hazitoi hata kombe, na nje ya hifadhi mwamba una majeraha yake ya kutosha.

Mawe yakae juu ya kioo cha chini, mchanga uje baadaye. Mchanga ukitangulia, samaki au kamba atachimba na jiwe litaangukia kioo. Acha nafasi ya mkono mzima kati ya mawe na kioo cha mbele, na mapango ya kutosha nyuma.

Kisha bakteria. Kinyesi na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu. Kundi moja la bakteria huigeuza nitriti, jingine huigeuza nitreti. Tangi jipya halina wote hao. Tia bakteria wa chupa, au kipande cha jiwe kutoka tangi la mtu unayemwamini, kisha tia kloridi ya amonia mpaka kipimo kisome miligramu 2 kwa lita. Kichupa cha kupimia hukaa na rangi ya njano amonia ikiwa haipo, na kadiri ilivyo nyingi ndivyo kinavyokwenda kijani. Kisimamishe juu ya karatasi nyeupe, mwanga wa mchana, ukitazame kutoka mbele. Wiki 4 hadi 6 ni kawaida. Tangi liko tayari siku ambayo unatia amonia jioni, na jioni ya pili kichupa ni njano safi na nitriti ni sifuri.

Halafu mawe yatapakwa kahawia, yatageuka kijani, yataota manyoya. Wengi hukata tamaa hapa na kumwaga dawa. Usitie kitu. Leta konokono wanaokula mwani, punguza saa za taa, badilisha asilimia 10 ya maji kila wiki, nayo hupita. Taa zenyewe hazina mengi: LED zenye buluu ya kutosha, saa 8 hadi 9 kwa siku, uanze na nusu ya nguvu.

Samaki

Tangi hili libebe samaki 12 hadi 15, waingie kwa miezi, wapole wakitangulia. Wa kwetu wananifurahisha kuliko wa mbali. Amphiprion allardi, samaki wa anemoni wa Afrika Mashariki, wawili. Kikundi kidogo cha Pseudanthias squamipinnis wa rangi ya machungwa, dume mmoja na majike kadhaa. Dume akifa jike mkubwa hugeuka dume. Hao wanataka chakula kidogo mara kadhaa kwa siku. Halichoeres iridis mmoja, ambaye hulala amezikwa mchangani, ndiyo sababu napenda mchanga wa sentimita 4. Centropyge acanthops, mdogo wa vidole vichache, huweza kudonoa matumbawe, mtazame. Kitatange anayekula matumbawe mwache baharini. Kikande atamaliza kamba zako. Yule mwembamba anayesafisha wenzake, Labroides dimidiatus, hukamatwa sana, naye hula vimelea vya samaki wengine. Kwenye tangi safi hukonda mpaka akafa. Naomba usimnunue.

Kwa muuzaji, muombe amlishe samaki mbele yako. Mtazame kutoka juu, nyuma ya kichwa: mgongo ukibonyea pande zote mbili, huyo hajala siku nyingi. Muulize pia alivuliwa wapi, na kama mvuvi ana leseni. Kila samaki apite karantini ya wiki 4 hadi 6 katika tangi la lita 100 lisilo na mawe wala mchanga. Ugonjwa wa madoa meupe ukitokea, tiba ya shaba itumike humo. Shaba ikiingia tangi kubwa huua konokono, kamba na matumbawe, na mawe huinyonya.

Wa mwisho kabisa ni kangaja wa buluu, Acanthurus leucosternon: uso mweusi, kidevu cheupe, pezi la mgongoni njano. Ni mzuri kupita kiasi, na ndiye anayeshikwa na madoa meupe upesi kuliko wote. Aidha ni mgomvi. Akitangulia hatamkubali anayekuja nyuma. Mpe mwani mkavu kila siku na mkondo mkali wa maji.

Matumbawe

Nunua vipande vilivyokuzwa kwenye matangi. Matumbawe magumu yote yako kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, kama walivyo chaza wakubwa (Tridacna), na yakivuka mpaka yanahitaji kibali. Kwa Kenya ni Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Muuzaji asiye na karatasi mpite.

Anza na laini kama Sarcophyton, baada ya miezi mitatu hivi. Kwa Zoanthus na Palythoa, jamaa wa matumbawe wanaoota juu ya mawe, vaa glavu na miwani, usisugue wala kuchemsha jiwe lao kamwe: baadhi yao wana palitoksini, sumu inayoweza kulaza nyumba nzima hospitali kwa mvuke tu. Baadaye Euphyllia, uziache mbali na majirani kwa sababu usiku hunyoosha mikono mirefu inayochoma. Anemoni isubiri tangi litimize mwaka, maana hutembea, na ikifika kwenye pampu isiyo na kikapu husagika na kuchafua maji yote.

Matumbawe magumu hujenga mifupa kwa kalsiamu na alkalini ya maji, yaani uwezo wa maji kuhimili asidi. Weka kalsiamu karibu na miligramu 420 kwa lita, magnesiamu 1300, alkalini dKH (digrii za alkalini) 8 hadi 9. Pima alkalini Jumatatu asubuhi, upime tena Jumatano saa ileile. Ikitoka 8.6 ikawa 8.0, tangi linakula 0.3 kwa siku. Maji ya chokaa hurudisha alkalini na kalsiamu pamoja: gramu 2 za hidroksidi ya kalsiamu kwa lita ya maji ya RO, yatulie, utumie yale angavu ya juu. Lita moja hupandisha lita 800 kwa dKH 0.14 hivi, basi lita 2 kwa siku zinatosha, zikidondoka polepole usiku kupitia mfumo wa kujaza. Tumia ya daraja la chakula. Chokaa ya kupakia nyumba ina takataka zake. Na mikono iilinde, maji hayo huchoma ngozi.

Acropora, matumbawe magumu ya matawi, ziingie miezi 9 hadi 12 baadaye, alkalini ikiwa imetulia wiki baada ya wiki, ziwekwe juu penye mkondo mkali. Zikikua, kata vipande uwagawie wenzako wenye matangi, na uandike kwenye daftari ulimpa nani nini. Chila ikifa ukiwa safarini Lamu, hao ndio utakaowapigia simu kuomba mbegu.